Meli ikitia nanga Kigoma, familia iende wapi?



Baada ya kumhimidi Allah Subhaanahu wa Ta'ala na kumswalia Mtume wake Muhammad (S.A.W.), leo tunakusudia kulijibu swali ambalo sisi wakazi wa Mwanga tunaulizwa mara kwa mara, na aghalabu tunaulizwa kwa haraka, muulizaji akiwa amesimama na mzigo mkononi: "Sheikh, tuna nusu siku tu hapa. Tuwapeleke watoto wapi?"

Anayeuliza huwa ni mpita njia. Ametoka Kalemie, Uvira au Bujumbura kwa boti na anangoja treni. Au ametoka Dar es Salaam kwa treni na anangoja chombo cha kumvusha ziwa. Kigoma ni mwisho wa reli na mwanzo wa maji. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika hapa mwaka 1914, na tangu hapo mji huu umekuwa mahali pa watu kubadilisha chombo. Baina ya chombo na chombo huwa kuna saa nne, saa sita, pengine mchana kutwa. Wengine huzimaliza saa hizo wakiwa wamekaa juu ya masanduku yao stesheni, kisha wakifika kwao husema wamefika Kigoma.

Wazee wanaikumbuka zaidi habari hii kwa sababu ya meli ya Liemba. Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipoona vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe, mitambo yake ikiwa imepakwa grisi ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Mwezi Mei 2015 ndiyo iliyowabeba maelfu ya wakimbizi wa Burundi kutoka kijiji cha Kagunga kuwaleta Kigoma. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 2010 iliacha kubeba abiria ikingoja matengenezo makubwa.

Katika miaka yake ya kazi, Liemba ilikwenda kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, na ilisimama penye vijiji vingi visivyo na gati. Ilisimama majini, mitumbwi ikaizingira, na abiria akateremka na mtoto mgongoni na kuku mkononi. Huko kushuka kwenyewe kulitaka maamuzi: nani ashuke, ashukie wapi, na meli ikishaondoka atarudi kwa chombo gani.

Ndugu zetu waliohamia Ulaya wanatusimulia kwamba katika Bahari ya Mediterania swali hili limegeuzwa biashara kamili. Meli kubwa za matembezi husimama asubuhi katika kisiwa hiki, kesho katika kingine, na abiria huuziwa matembezi ya nchi kavu humo humo melini kabla hata hajaiona bandari. Bei ya melini kwa kawaida huwa juu kuliko ya gatini. Lakini basi la meli likichelewa, meli hulingoja, ilhali aliyekodi gari lake mwenyewe akichelewa huachwa. Hapo mtu huwa hanunui matembezi peke yake, bali hununua pia utulivu wa moyo. Si hasara, iwapo amejua anachokinunua.

Kisiwa kimoja katika hivyo kina habari inayotuhusu. Saiprasi, meli nyingi husimama Limassol, na abiria huonyeshwa mahekalu, mvinyo na ufukwe. Wachache huambiwa kwamba katika kisiwa hicho hicho, kando ya ziwa la chumvi karibu na mji wa Larnaca, kuna mahali panaponasibishwa na kaburi la Umm Haram bint Milhan (R.A.), mama yake mdogo Anas bin Malik. Bibi huyu ndiye aliyesikia kwa Mtume (S.A.W.) habari ya watu wa umma wake watakaopanda bahari, akaomba aombewe awe miongoni mwao. Katika zama za Khalifa Uthman (R.A.) alipanda meli pamoja na jeshi la Muawiya, na walipokuwa nchi kavu akaanguka kutoka juu ya mnyama wake, akafariki. Familia ya Kiislamu yenye saa sita Saiprasi ingefaa ijue habari hiyo kabla ya kununua tiketi ya ufukweni. Hatusemi lazima waende huko. Tunasema wachague huku wakijua.

Turudi Kigoma.

Kwanza, saa ya nani?

Jambo la kwanza la kuuliza ni saa, kabla ya mahali. Burundi, Zambia na upande wa mashariki wa Kongo wako nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ziwa ni moja, jua ni moja, lakini saa ni mbili. Saa ya mgeni wa Kalemie ikimwambia ni saa nane mchana, ya stesheni ya Kigoma inasema saa tisa. Simu za siku hizi aghalabu hujirekebisha zenyewe, lakini iliyoshika mnara wa ng'ambo haijirekebishi, na saa ya mkononi ya babu haijui mpaka. Tumewaona watu wazima, wenye akili zao, wakifika stesheni wanatembea kwa raha huku mkia wa treni unapotelea kwenye kona.

Anayetoka Dar es Salaam hana tatizo hilo, lakini analo jingine. Saa yake ni sawa na yetu, ila jua letu si la wakati mmoja na lake. Kigoma iko magharibi mwa Dar es Salaam kwa takriban digrii 10, kwa hiyo jua huchelewa kwetu kwa dakika zipatazo 40. Adhuhuri kwetu huingia karibu na saa saba mchana, na Magharibi karibu na saa moja jioni. Anayeswali kwa mazoea ya Kariakoo ataswali kabla ya wakati kuingia, na swala ya kabla ya wakati haisihi.

Hali kadhalika kibla. Dar es Salaam mtu huelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kigoma inampasa ageukie kulia kidogo, kiasi cha digrii 20. Ni jambo dogo, lakini mtu aliyeko ufukweni asiyeona msikiti hulihitaji.

Na mambo ya msafiri yanajulikana. Aliyetimiza masafa ya safari hupunguza swala za rakaa nne na anaruhusika kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Ila akiingia msikitini na kumfuata imamu ambaye ni mkazi, itampasa akamilishe nne pamoja naye. Wengi hulisahau hili, wakatoa salamu baada ya mbili na kuondoka, na jamaa waliobaki kwenye safu wakawashangaa.

La mwisho kabla hatujafika kwenye mahali penyewe: katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza watu watatu wanaosafiri pamoja wamteue mmoja wao kuwa amiri wao. Katika matembezi ya nusu siku, amiri ni yule anayeshika saa na kusema "basi, turudi," na akasikilizwa. Si lazima awe mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Gombe na Mahale

Vijana wakisikia Kigoma hutaja Gombe mara moja, na hatuwalaumu. Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa mwaka 1968, iko kaskazini mwa mji kwa kilomita zipatazo 16, na hufikiwa kwa maji. Huko ndiko alikofika Jane Goodall mwezi Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hakufika peke yake. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali binti akae porini bila mwenziwe, basi akaja na mama yake mzazi. Mwaka huo huo alimwona sokwe mtu akichokoa mchwa kwa kijiti alichokitengeneza, na wanazuoni wa sayansi wakalazimika kufikiri upya juu ya nani anayestahiki kuitwa mtengeneza zana. Goodall alifariki mwezi Oktoba 2025, akiwa na miaka 91, na kazi aliyoianzisha Gombe imekwishapita nusu karne.

Yote hayo ni kweli, na bado tunasema: Gombe si mahali pa mwenye nusu siku. Boti za abiria za Kibirizi huchukua saa kadhaa na hurejea kwa ratiba zao, si kwa ratiba ya treni yako. Boti ya kukodi ni nyepesi zaidi lakini ni ghali, na ziwa likichafuka nahodha mwenye busara hukaa. Ukishafika, sokwe hawakai mahali pamoja wakikungoja. Huenda ukawapata kwa nusu saa, huenda ukapanda vilima kwa saa tatu. Aidha watoto wadogo hawapelekwi karibu nao, na mwenye mafua au kikohozi huzuiwa, kwa kuwa maradhi yetu huwaua. Kwa hiyo familia yenye bibi, watoto na mafua ya safari itagawanyika katikati hata kabla ya kuanza.

Mwenye siku mbili aende, tena aende kwa moyo mkunjufu, kwani kumtazama kiumbe wa Allah katika makazi yake ni katika mazingatio tuliyoamrishwa. Kuhusu Mahale, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1985, huko ni mbali zaidi kusini. Katika siku za Liemba aliyekwenda Mahale alishushwa Lagosa, mara nyingi usiku, na kwa kuwa meli ilipita kila baada ya wiki mbili, aliyeshuka bila mpango wa kurudi alikuwa amejihamishia huko. Mwenye saa sita asiitaje.

Ujiji

Sasa tuseme lile tunaloliamini: mwenye nusu siku aende Ujiji.

Tunatoa sababu. Ujiji haizidi kilomita kumi kutoka stesheni. Daladala hupanda kutoka mjini, hupita hapa kwetu Mwanga na kuteremka hadi Ujiji, na mwenye wazee atachukua bajaji au teksi. Njia ni moja, kwa hiyo ukichelewa huwezi kupotea. Na kilichoko huko huwezi kukikuta Dar es Salaam wala Bujumbura.

Burton na Speke, Wazungu wa kwanza kuandika habari za ziwa hili, walifika Ujiji mwezi Februari 1858, wakaukuta mji wenye soko na watu wa pwani wakifanya biashara. Livingstone aliufikia mwaka 1869, na mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, akamkuta hapo mgonjwa na mwenye dhiki. Mahali walipokutana pana mnara, miembe inayoelezwa kuwa ni vipandikizi vya ule wa kale, na makumbusho yenye sanamu za mabwana wawili hao wakivuliana kofia. Watoto huzicheka. Waache wacheke kidogo.

Utaambiwa kwamba mwembe ule ulikuwa karibu na maji, nawe utatazama na kuona ziwa liko mbali. Hujadanganywa. Katika miaka ya mwisho ya 1870 maji yalizibua mlango wa mto Lukuga, upande wa Kongo, na ziwa likashuka kwa mita kadhaa katika miaka iliyofuata. Bandari ya Ujiji ikabaki nchi kavu, na hiyo ni moja ya sababu za Kigoma, yenye ghuba ya kina, kupendelewa na Wajerumani. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kuzifikia nyumba za watu, hasa upande wa Bujumbura. Ziwa lenye kina cha mita 1,470 halimwombi mtu ruhusa.

Lakini msiishie kwenye sanamu. Hapa tutasimulia kidogo.

Katika miaka ambayo Liemba ilikuwa ikisafiri, tuliwapokea hapa Mwanga watu wa nyumba moja waliotoka Mpulungu na kungoja treni ya jioni kwenda Dar es Salaam: baba na mama, watoto wanne, na bibi yao mzaa baba. Kijana mkubwa alitaka Gombe na alikwishapatana na mwenye boti. Mama alitaka soko. Bibi alikuwa kimya amekaa kwenye mkeka, akichezea tasbihi. Baba akataka ushauri wetu, nasi tukamwuliza kwanza saa yake inasema nini. Ilikuwa nyuma kwa saa moja. Nusu siku yao ikawa imepungua mbele ya macho yao, na habari ya Gombe ikaisha bila ugomvi. Kisha tukamwambia, "Umekwishamwuliza mama yako?"

Hakuwa amemwuliza. Alipomwuliza, yule bibi akasema, "Mimi nimekuja kwa ajili ya Ujiji. Nilidhani mnajua."

Tukaenda pamoja nao. Pale makumbusho kijana mwongozaji alieleza vizuri habari za Livingstone na Stanley, tarehe kwa tarehe. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwuliza, "Mwanangu, na wale waliofungwa minyororo walilala wapi?" Kijana akanyamaza kidogo, halafu akaacha maneno aliyoyahifadhi. Akatutoa nje, akatuonyesha upande wa ziwa walikoteremshwa na upande wa njia waliyotembezwa kwenda Tabora hadi Bagamoyo. Bibi akatuambia, mbele ya wajukuu zake, kwamba nyanya yake alivushwa ziwa kutoka Manyema akiwa mtoto, akauzwa hapa. Mwanawe wa kumzaa, mtu wa makamo, alikuwa hajapata kuisikia habari hiyo.

Ndugu msomaji, hapa ndipo wengi wetu tunapopata kigugumizi. Njia ile ya pembe na watumwa, ya kilomita zipatazo 1,200, iliwekwa na Tanzania mwaka 2006 katika orodha ya awali ya kuombewa kuwa Urithi wa Dunia, na Ujiji ni moja ya vituo vyake sita, pamoja na Kwihara, Kilimatinde, Mpwapwa, Mamboya na Bagamoyo. Waliofanya biashara hiyo katika mji huu walikuwa na majina kama yetu. Mwinyi Kheri alikuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani hapa Ujiji. Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, aliufanya mji huu makao yake. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, aliyeandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, misafara yake ilipita hapa. Walioweka akiba ya pembe waliweka na akiba ya watu.

Wapo wanaotusihi tulipitie jambo hili juu juu mbele ya watoto, wakisema linawapa silaha wanaoutukana Uislamu. Hatukubaliani nao. Mtoto asiyeambiwa na baba yake ataambiwa na mtu mwingine, tena kwa ubaya, na siku hiyo atamwona baba yake kuwa ni mwongo. Na sisi tunayo mizani ya kulipimia jambo hili, hatuhitaji kuazima. Katika hadithi al-Qudsi iliyomo katika Sahihi al-Bukhari, Allah Ta'ala anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru kisha akaila thamani yake. Watu wa Manyema waliotekwa vijijini mwao usiku walikuwa watu huru. Katika Suratul-Balad, kumwacha huru aliye kifungoni kumetajwa kuwa ndiyo njia ya mlimani ambayo mtu hutakiwa aipande. Aliyemnyakua mtoto Manyema na kumuuza Ujiji alikuwa akiteremka mlima huo, japokuwa alikuwa na kilemba. Tuseme hivyo, bila kumung'unya maneno.

Na tuseme pia kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Tanganyika ila mwaka 1922. Ina maana yule bibi aliyevushwa ziwa aliweza kuzaa, kuzeeka na kupata wajukuu huku sheria ya nchi bado inamhesabu kuwa mali. Tarehe za vitabuni huwa hazionyeshi urefu huo.

Habari haiishii hapo, na ndiyo maana tunawapeleka watu mtaani baada ya makumbusho. Wengi miongoni mwa Waislamu wa Ujiji ni wajukuu wa hao hao walioletwa kutoka ng'ambo, wengine kwa minyororo, wengine kwa miguu yao wenyewe kama wapagazi na wachuuzi. Misikiti waliijenga, madrasa waliziendesha, na dini ikakaa mikononi mwao baada ya matajiri wa misafara kuondoka. Hata habari ya Livingstone ina upande huo. Alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, ambako sasa ni Zambia, waliobeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo walikuwa watu weusi, na mbele yao walikuwa Abdallah Susi na James Chuma. Mwongozaji akikusahaulisha majina hayo, mkumbushe wewe.

Yule bibi hakuwa na jina la mtaa wala la mtu wa kumtafuta. Alikuwa na jina moja tu la nyanya yake, na jina hilo halikujulikana na yeyote tuliyemwuliza. Aliswali Adhuhuri msikitini, upande wa wanawake, akaleta dua ndefu, akatoka. Akina mama wa mtaa ule walimwuliza anatoka wapi, na alipowaambia walimwita shangazi, wakamkalisha kivulini na kumpa maji. Mjukuu wake aliyetaka Gombe ndiye aliyembebea viatu. Treni waliipata.

Mengineyo kwa ufupi

Mwenye saa mbili tu asifike hata Ujiji. Na aje soko la Mwanga, ambapo atakuta vitenge vya Kongo, mawese yaliyotiwa katika madumu, dagaa wakavu wa aina mbalimbali na migebuka. Mawese ayafunge vizuri, tena mara mbili. Tumeona shuka jeupe la ihramu likiharibika kwa dumu moja lisilo na kizibo. Penye hoteli zetu ndogo aagize ugali wa muhogo kwa dagaa wa mawese, au samaki aina ya kuhe akibahatika. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na katika usiku wa mbalamwezi huwa haba, kwa hiyo bei hufuata mwezi. Kati ya Mei 15 na Agosti 15, 2024 uvuvi katika ziwa ulifungwa ili samaki wapate kuzaliana, na wenye familia walilalamika. Mgeni asiyejua mambo ya namna hiyo hudhani muuza samaki anamwonea.

Fukwe za kuogelea zipo upande wa Katonga, na maji yake ni maangavu mno. Kwa familia inayotaka sitara, waende asubuhi mapema kabla ya watu kuwa wengi, na wasimwache mtoto peke yake hata kwa dakika moja, kwani ziwa hili huwa na kina ghafla. Hatuna zaidi ya hilo la kusema juu ya fukwe.

Ama mwenye kuchukua boti kwa matembezi yoyote yale, mafupi au marefu, apatane kabla ya kupanda, na ahakikishe kwamba bei ni ya boti nzima na siyo ya kila kichwa, na kwamba ni ya kwenda na kurudi. Ahesabu jaketi okozi, na ahesabu watu. Zikipungua jaketi moja, ashuke. Nchi iliyozika maiti wa MV Bukoba mwaka 1996 haina udhuru wa kuona haya katika jambo hili, na nahodha akikasirika, basi hasira yake ni nyepesi kuliko maji.

Mizigo isichukuliwe matembezini. Ikiwa hamna jamaa mjini, abaki mmoja nayo, na mbadilishane, asiwe kila siku ni mkwe. Na wa stesheni waulizeni saa ya kuondoka mara mbili, asubuhi mliposhuka na tena mkirudi, kwa kuwa treni inaweza kusogezwa mbele au nyuma.

Msomaji wetu mmoja wa Kasulu ameuliza namna ya kuelekea kibla ndani ya treni inayopinda pinda baina ya Kigoma na Tabora. Hilo tumeliweka Ijumaa ijayo, inshaallah.